Kitongoji Kilichopanda kwa Usiku Mmoja

Barua ilifika mezani kwangu Jumatatu asubuhi, imeandikwa kwa mkono kwenye karatasi ya daftari, na ilikuwa fupi. "Tumesikia huko Kibaha mmetuweka kwenye watu wenye nafuu. Tunamwomba aliyetuweka aje atuonyeshe hiyo nafuu iko upande gani wa kitongoji, maana sisi tumeitafuta hatujaiona." Chini yake kulikuwa na sahihi ya Bi Mwanaidi, mwenyekiti wa kitongoji kimoja cha kata ya Kibuta, Kisarawe.

Aliyewaweka ni mimi. Naitwa Zuhura, nimeolewa Misugusugu, hapa hapa Kibaha, na kazi yangu ni takwimu. Kwa miezi kadhaa nilikuwa nimeyachukua majibu ya sensa ya mwisho, eneo kwa eneo, nikayachanganya kuwa kipimo kimoja cha hali ya maisha: watu wamesoma mpaka wapi, wanafanya kazi gani, sakafu ni ya nini, maji yanatoka wapi, choo ni cha namna gani. Kila eneo lilipata alama zake, kisha nikayapanga yote kwenye mstari mmoja, wenye hali ngumu chini, wenye nafuu juu. Walio chini kabisa ndio wangechimbiwa visima, na visima vyenyewe havikuwa vingi. Nilikipenda kipimo kile kama mama anavyompenda mtoto wake wa kwanza. Mtu akikigusa tu, nanuna.

Barua ile ilinikera, sifichi. Lakini kulikuwa na jambo jingine lililonikera zaidi. Nafasi ya mwisho kwenye orodha ya visima ilikuwa imeuangukia mtaa wetu wa Misugusugu. Sikuupendelea. Mtaa wetu ni mpya, watu wamehamia kwenye nyumba ambazo hazijakwisha, madirisha yamezibwa kwa mabati, na bomba la maji tunalisikia kwa wenzetu. Alama zilituweka pale zenyewe. Ila hesabu ilikuwa wazi: kitongoji cha Bi Mwanaidi kikishuka na kuingia kwenye orodha, mtaa wetu unatoka. Nilimpelekea bosi barua, akaisoma, akacheka, akasema, "Ijumaa orodha inaondoka. Nenda Kibuta ukaangalie, ukirudi uniambie unasimama wapi."

Misugusugu, Jumatano, saa kumi na mbili asubuhi. Nilimkuta jirani yangu Mama Happy ameshasimama kwenye uzio, kanga kiunoni, anasubiri guta, baiskeli ya magurudumu matatu inayotuletea maji ya kununua. Mama huyu ni mzee wa kanisa kule usharikani kwao, na kwa habari za maji ndiye kiongozi wetu sote, Waislamu na Wakristo. Alikuwa ameshawatangazia watu kwamba kisima kinakuja, akachagua na mahali pa kukichimba.

"Unakwenda kututetea?" akaniuliza.

"Nakwenda kuangalia, Mama Happy."

"Haya. Angalia kwa kututetea."

Tukacheka wote wawili, lakini mimi nilicheka kidogo kuliko yeye.

Deo alinipitia na pikipiki ya ofisi. Deo ndiye mchora ramani wetu, mwanamume wa makamo mwenye tumbo la heshima, anaimba sauti ya nne kwenye kwaya ya Kikatoliki na hufanya mazoezi popote alipo. Tulipotokea barabara ya lami tulikuwa tumeshamaliza nyimbo mbili. Mimi sikuzijua, lakini kiitikio nilikidaka njiani na nikaitikia.

Kiluvya, saa moja na robo. Hapa tuliiacha barabara ya Morogoro na malori yake, tukanywa supu na chapati kwa mama mmoja ambaye hakutaka kuamini kwamba tunakwenda Kibuta kutafuta nafuu. Deo alikuwa amemwonyesha barua. "Mkiipata," akasema, "na mimi mnibebee kwenye mfuko." Kutoka hapo njia inakata kusini kuelekea Mpuyani, inapanda na kushuka, udongo mwekundu, nyumba zinapungua, miti inaongezeka. Hewa ikawa ya baridi hata nikafunga vizuri mtandio wangu. Nilikuwa nimekaa na makaratasi ya sensa miezi yote ile, nikawa nayajua maeneo haya kwa namba zake, lakini sikuwahi kujua kwamba moja ya namba hizo ina mteremko ambao pikipiki ukiizima inateleza yenyewe mpaka chini.

Kisarawe mjini, saa mbili na nusu. Mji uko juu kwenye vilima, na asubuhi kama ile, ukisimama pazuri, unaona maghorofa ya Dar es Salaam kwa mbali. Tuliripoti ofisini, tukaandika majina yetu kwenye kitabu cha wageni, tukapewa baraka za safari na onyo kuhusu daraja moja. Kijana wa mapokezi aliposikia tunamfuata Bi Mwanaidi alitabasamu. "Huyo mama noma," akasema. "Mkifika msalimieni kwanza. Hoja zenu ziwekeni pembeni."

Msimbu, saa tatu na nusu. Tulisimama kwa sababu ya fenesi. Sitaki kusema uongo kwamba kulikuwa na sababu ya kikazi. Lilikuwa limepasuliwa kando ya njia, harufu yake imetutangulia toka kwenye kona, na muuzaji, baba mmoja mwenye kofia ya kiua, alitukatia kipande cha kuonja kikubwa kuliko tulichokuja kununua. Tulikula mpaka vidole vikagandana. Deo akapaka mafuta ya kula mikononi ili utomvu utoke, akasema ramani zake zote zina kasoro moja, hazionyeshi mahali penye mafenesi.

Kibuta, karibu saa tano. Kitongoji cha Bi Mwanaidi kiko mbali kidogo na barabara, mikorosho mbele, mihogo nyuma, nyumba chache zilizotawanyika. Nyingi zilikuwa za miti na udongo. Niliikunjua karatasi yangu kimyakimya. Ilikuwa inasema kwamba hapa wengi wa watu wazima wamepita sekondari, na wapo wenye vyuo.

Bi Mwanaidi alitoka shambani, jembe begani. Mama wa miaka hamsini na kitu, mrefu, hatua ndefu, macho ya mtu asiyependa kuzungushwa.

"Shikamoo mama," tukasema kwa pamoja.

"Marahaba wanangu. Ni nani kati yenu aliyetuweka juu?"

Deo, bila aibu hata ndogo, akaninyooshea kidole.

"Binti mzuri hivi," akasema Bi Mwanaidi akinitazama toka miguuni mpaka kichwani. "Karibu mwanangu. Tule kwanza, tugombane tukishashiba."

Tuliandaliwa bada na kisamvu kilichoungwa kwa nazi. Bada ni ugali wa muhogo, na ule ulikuwa laini, unavutika, nikaomba kuongezwa kama mtu aliyetoka kufunga. Kisha nikaomba maji ya kunywa. Yaliletwa kwenye glasi safi, juu ya kisahani, na rangi yake ilikuwa ya chai ya rangi iliyopoa. Niliyanywa. Yalikuwa na chumvi. Bi Mwanaidi alinitazama mpaka nikamaliza.

Baada ya chakula alinichukua mpaka bondeni yanakotoka maji yale. Ni shimo, refu kuniliko, limechimbwa kwa majembe, na chini yake maji yanachuruzika polepole kutoka kwenye udongo. Wanawake watano walikuwa wamekaa kando kwenye majani, ndoo zimepangwa foleni, wanasubiri shimo lijae vya kutosha kuchota kwa kata. Walikuwa wanapiga soga na kucheka, mmoja anamsuka mwenzake, maana kusubiri kwenyewe ni kwa muda mrefu kiasi cha kumaliza kichwa kizima cha nywele.

Nikasalimia, nikakaa nao, nikaitoa karatasi. Nilikuwa bado na ubishi.

"Naomba mnisaidie," nikasema. "Wahasibu wenu wanakaa nyumba zipi?"

"Wahasibu gani?" akauliza Bi Mwanaidi.

"Hapa kwenye kitongoji. Kuna wahasibu wawili, nesi, walimu wa sekondari wanne, na fundi wa kompyuta."

Halafu yule aliyekuwa akisukwa akaanza kucheka, mwenzake akamfuata, na kabla sijajua nini kinatokea, bonde zima lilikuwa linacheka. Bi Mwanaidi alijishika mbavu, akakaa chini.

"Mhasibu ni Bakari!" akasema mmoja. "Bakari wa Tabata!"

"Na mke wake," akaongeza mwingine. "Na nesi ni Salma, anakaa Gongo la Mboto."

Ndipo wakanieleza, wote kwa pamoja, na mimi nikiwaomba waseme mmoja mmoja. Mwaka ule wa sensa, Bi Mwanaidi alikuwa na mwali ndani. Binti yake Sharifa alikuwa amevunja ungo, akawekwa ndani na kufundwa na kungwi kama ilivyo kwao, na ilikuwa imebaki siku ya kumtoa nje kwa ngoma. Siku hiyo ilikuwa haipatikani. Ndugu wa mjini wana kazi, huyu ana zamu, yule ana shule. Mara serikali ikatangaza kwamba siku ya sensa ni ya mapumziko.

"Tungepata wapi tena siku watoto wote wa mjini hawaendi kazini?" akaniuliza Bi Mwanaidi. "Tukasema hiyo hiyo. Wakaja wote. Wengine walileta na wakwe zao. Ngoma ilipigwa mpaka usiku wa manane, na kulipokucha karani wa sensa huyo hapo, na mkoba wake."

Sensa yetu huuliza nani alilala hapa usiku wa kuamkia siku ile, na karani aliandika waliolala, kama alivyofundishwa. Waliolala walikuwa wahasibu, walimu na nesi, wamejipanga kwenye mikeka. Kitongoji kina kaya chache, wageni wakawazidi wenyeji. Kipimo changu kiliwasoma wageni wale kikasema hawa watu mambo yao si mabaya.

"Walilala wapi?" nikauliza, japo jibu nilishaanza kulijua.

"Humo humo nyumbani kwangu na kwa shangazi zake Sharifa. Vyumba vitatu. Tulilala kama dagaa kwenye kikaango."

Kwenye majibu ya kitongoji hiki nilikuwa nimeiona namba ya watu kwa chumba, namba ya ajabu, nikasema karani alikuwa anasinzia, nikaifuta. Karani hakusinzia. Aliyesinzia ni mimi, kwenye kiti cha kuzunguka, feni ikinipepea.

"Karani hakuwauliza wageni wanaishi wapi siku zote?"

"Aliuliza," akajibu Bi Mwanaidi. "Kila mmoja akataja kwao."

Basi jibu lilikuwa kwenye majalada yangu muda wote ule. Sensa ilikuwa imeuliza vizuri, watu walikuwa wamejibu vizuri, karani alikuwa ameandika vizuri. Mimi niliwapima waliolala badala ya wanaoishi. Niliona aibu mpaka masikio yakawa ya moto.

"Na maji?" nikauliza. "Kwako imeandikwa mnatumia maji ya gari."

Hapo Bi Mwanaidi akatazama pembeni kwa mara ya kwanza. "Yule kijana aliniuliza mbele ya wakwe," akasema. "Siku ile tulikuwa tumekodi boza kwa ajili ya shughuli. Wakwe wamekaa pale, wana glasi mkononi. Ningesema nachota shimoni? Nikasema maji ya gari." Wenzake wakaangua kicheko upya. Jibu lile siwezi kulibadilisha, na mpaka leo kwenye sensa yetu nyumba ya Bi Mwanaidi inakunywa maji ya boza. Nimemsamehe. Mbele ya wakwe hata mimi ningesema.

Tuliporudi nyumbani tukamkuta Sharifa mwenyewe, sasa msichana mkubwa anayejifunza ushonaji, anapiga stori na Deo. Mama yake alipomweleza kilichotokea alipiga makofi.

"Afadhali nyie mliandikwa," akasema. "Mimi nilikuwa chumba cha ndani, sijatolewa bado. Mwali haonwi na mgeni, tena mwanaume, na kungwi alikataza hata nisitajwe. Karani kaondoka mimi simo."

Nikamwangalia. Nikamwangalia na mama yake. Waliolala siku moja waliandikwa wote, na aliyelala hapa kila siku ya maisha yake, ambaye ngoma ilikuwa yake, hakuandikwa. Nilicheka mpaka machozi yakanitoka, Sharifa naye akacheka, akaniambia, "Dada, sensa ijayo nitakaa mlangoni kabisa."

Lakini tulipokuwa tunajiandaa kuondoka nilinyamaza, na Bi Mwanaidi hakuwa mtu wa kupitwa na kimya cha mtu. Aliniuliza kulikoni. Nikamwambia ukweli wote: kwamba hesabu ikirekebishwa watashuka, kwamba wakishuka watapata kisima, na kwamba mtaa utakaotoka kwenye orodha ni wetu. Nilitegemea afurahi. Badala yake akaniuliza:

"Kwenu mnakunywa maji gani?"

"Tunanunua kwa dumu. Yanaletwa na guta."

"Yana chumvi?"

"Hayana."

"Na msipokuwa na hela?"

"Tunakaa bila."

"Poleni," akasema, na alimaanisha. "Ila mwanangu, jambo moja. Usituandike maskini. Umekula kwetu, umeshiba. Andika hatuna maji."

Kisarawe tena, saa kumi jioni. Pikipiki ilikuwa imebeba fenesi zima la Msimbu, muhogo, na korosho zilizobanguliwa kwa mkono ambazo Sharifa alizifunga kwenye kitambaa. Deo hakuimba. Tulipofika Mpuyani alisimamisha pikipiki kando, akajifanya anaangalia tairi.

"Dada Zuhura," akasema, "hili jambo ofisini tunalijua wangapi?"

"Wewe na mimi."

"Na wewe unakaa Misugusugu."

"Nakaa Misugusugu."

"Nilikuwa nataka tu kujua unalisikiaje."

Nilimwambia nalisikia vibaya. Nilimwambia kwamba hasira yangu ya Jumatatu ilikuwa ya mtu aliyeguswa kipimo chake, na sasa nina hasira ya mtu aliyekiharibu mwenyewe, na kwamba kama nitayaacha maji yale yaendelee kunywewa kwa sababu ya kumwogopa Mama Happy, basi nisiitwe mwanatakwimu, niitwe mpishi wa namba. Deo alicheka. Akapanda pikipiki, akaanzisha wimbo mwingine, safari hii mimi nikiitikia kwa sauti kubwa kuliko yeye.

Kibaha, Alhamisi, ofisini. Nilianza upya tangu saa mbili. Niliwatoa wageni wote, sio wa Kibuta tu, wa kila eneo, nikawarudisha kwao kwa hesabu. Niliirudisha na ile namba ya watu kwa chumba niliyoifuta. Maeneo mengi hayakusogea. Kitongoji cha Bi Mwanaidi kilishuka, kikashuka tena, mpaka kikakaa karibu na mwisho kabisa wa mstari. Mtaa wetu ulipanda ngazi moja tu, na ngazi hiyo moja ilitosha. Nikaandika ripoti, nikaeleza kosa lilikuwa la nani, nikatia sahihi. Bosi alisoma ukurasa wa kwanza, akanitazama, akasema, "Huko kwenu si ndio Misugusugu?" Nikasema ndiyo. Akasaini.

Saa tisa nilimpigia simu Bi Mwanaidi.

"Mmeshuka, mama," nikamwambia.

"Tumeshuka mpaka wapi?"

"Chini kabisa."

Aliweka simu mbali na mdomo, nikamsikia akiwaambia wenzake, kisha vigelegele vikaja kwa wingi hata Deo akavisikia kutoka meza ya pili. Sidhani kama kuna watu wengine nchini waliowahi kushangilia hivyo kuwekwa mkiani. Nilifurahi sana, furaha safi, kama vile mwali alikuwa wangu.

Niliyojifunza si mengi, lakini nimeyashika. Sasa kabla ya kuliamini eneo lolote nauliza kwanza nani anaishi pale siku zote, na nani alikuja kucheza ngoma. Namba ya ajabu siifuti tena, naiandikia safari nikaihakikishe mwenyewe. Na neno "nafuu" nimeliondoa kwenye ripoti zangu. Naandika kilichopo na kisichokuwepo.

Misugusugu, Alhamisi, magharibi. Nilikuwa nimeyapanga maneno toka nilipopanda daladala Maili Moja. Mama Happy alikuwa kibarazani anachambua mchele, nikakaa kando yake, nikamweleza bila kupunguza: shughuli, wahasibu, kosa langu, kisima kwenda Kibuta, sisi kutoka. Nilimwambia samahani. Akauliza, mikono ikiendelea kuchambua mchele,

"Hao watu umewaona kwa macho yako?"

"Nimewaona."

"Hayo maji umeyaonja?"

"Nimeyanywa, glasi nzima."

Akaweka ungo chini. Nikajiandaa.

"Basi waanze wao," akasema. Halafu akaniuliza kama harufu anayoisikia kwetu tangu jana ni ya fenesi, nikalileta, na yeye akaenda ndani kutafuta kisu na mafuta.